Faundesheni ya Waridi

Mtu akimpa Afande kitu cha bure, jambo la kwanza Afande alikuwa anakigeuza aone chini kimeandikwa nini. Hakuzaliwa hivyo. Ni miaka kumi na moja ya kusimama kwenye geti la jengo lile la ghorofa tano ndiyo iliyomfundisha. Alishawaona wenye tai wakitoka na rimu za karatasi ndani ya koti, na alishamwona mama mtu mzima, mpole, mcha Mungu, akitoka na birika la ofisi chini ya sweta huku anamtakia baraka. Kwa hiyo siku Waridi wa mapokezi alipomshika mkono na kumwambia kwa sauti ya asali, "Dada, usihangaike, kujipamba nitakufundisha mimi mwenyewe," machale yalimcheza papo hapo.

"Na wewe unapata nini?" aliuliza.

Waridi alicheka. "Jamani! Lazima nipate kitu?"

Afande hakusema ni lazima. Ila alijua kwamba hivyo ndivyo wanavyojibu wote, sweta likiwa limevimba.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Getini kulikuwa kunaletwa mashine: unagusisha kadi, chuma kinazunguka, unapita. Mashine haiumwi goti wala haiombi ruhusa ya msiba. Walinzi walikuwa watatu, angebaki mmoja, na huyo mmoja hakuwa Afande, ambaye goti lake la kulia lilikuwa limeshaanza kugoma kila ifikapo saa tisa. Meneja Utumishi alimwita ofisini, akamkaribisha kiti, jambo ambalo peke yake lilimtisha, akamweleza kwamba Waridi anahamia masjala na nafasi ya mapokezi itakuwa wazi.

"Wewe unamjua kila mtu na kila mlango wa jengo hili," alisema Meneja. "Wageni wanakusikia. Tatizo ni mwonekano tu."

"Mwonekano umefanyaje?"

Meneja alikohoa. "Si kwa ubaya. Ila mapokezi ndiyo sura ya kampuni, Afande. Sura ya kampuni haiwezi kuja kazini na jasho na mafuta ya mgando."

Alipewa wiki tatu za kujifunza. Jumatatu baada ya hapo Mkurugenzi angepita, amtazame, aseme ndiyo au hapana. Akisema ndiyo, kiti ni cha Afande mpaka atakapostaafu. Akisema hapana, anakwenda nyumbani na goti lake, kwa mabinti wawili ambao mmoja bado anasoma na mwingine amemaliza na hajapata kazi. Afande alikuwa mjane, na katika nyumba ile mshahara ulikuwa mmoja tu.

Ndiyo maana hakukataa kufundishwa. Lakini kukubali somo ni jambo moja, kumwamini mwalimu ni jambo jingine. Mtu mwenye akili timamu anaachaje kiti cha kuzunguka, kiyoyozi na maua ya mezani, baada ya miaka tisa, ateremke chini ya ngazi akakae na mafaili na vumbi? Afande alimuuliza waziwazi. "Nimechoka kutabasamu," Waridi alijibu. Jibu la kitoto. Afande akaulizauliza kwa wafagiaji, ambao ndio wanaojua kila kitu, akaambiwa jambo lililomzidishia homa: aliyepeleka jina lake kwa Meneja alikuwa Waridi huyohuyo. Na hawakuwahi kuwa marafiki. Miaka yote tisa ilikuwa ni habari, nzuri, basi.

Masomo yalifanyika mapumziko ya mchana, ndani ya stoo ya vifaa vya usafi, kati ya ndoo na mifagio. Waridi ndiye aliyechagua mahali. "Hapa hakuna wa kutuchungulia," alisema. Stoo ilikuwa na taa moja ya manjano na haikuwa na dirisha. Afande, ambaye kila tukio la zamu huliandika kitabuni, alinunua kidaftari akaanza kuandika hatua za kujipamba, na pembeni ya hatua hizo akaandika mengine.

*Saa 7:10. Mwalimu ameniamuru ninawe uso. Yeye hakunawa.*

*Saa 7:15. Ametoa chupa mkobani na kufunga zipu upesi.*

*Saa 7:20. Nimeuliza kwa nini tusifanyie chooni penye kioo kikubwa. Amejifanya hakusikia.*

Hata hivyo haki yake apewe: Waridi alijua kufundisha. Alimwonyesha kwamba uso mkavu haupakwi rangi, kwanza unalainishwa, unasubiri ngozi inywe mafuta, ndipo unaendelea. Faundesheni hutoneshwa kidogokidogo, kwenye paji, pua, mashavu na kidevu, halafu inagongwagongwa kwa sponji yenye unyevunyevu. "Unagonga, dada, husugui! Kwani unaosha sufuria?" Mkono wa Afande ulikuwa umezoea kirungu, na siku ya kwanza sponji ilikatika vipande viwili. Siku ya pili alichora nyusi ambazo hazikufahamiana kabisa, mmoja umeshangaa, mwingine unatafuta ugomvi. Wanja ulimtoa machozi mpaka ukamteremkia mdomoni. Waridi alicheka hadi akakaa juu ya ndoo, na Afande naye, bila kutaka, akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akajikumbusha kukaa chonjo. Wezi wengi aliowakamata walikuwa wachekeshaji wazuri.

Wiki ya pili alianza kuona kitu kingine. Waridi hakuwahi, hata mara moja, kujipaka yeye mwenyewe ili mwanafunzi aone.

"Nionyeshe kwako," Afande alimwambia.

"Mimi nimeshapaka, dada."

"Basi futa. Tuanze wote upya."

Mkono wa Waridi ulisimama hewani. Halafu akatazama saa yake na kusema muda umekwisha, na muda ulikuwa bado dakika ishirini. Afande alipokuwa peke yake getini alianza kukumbuka mengine. Waridi alikuwa akifika kazini kabla ya watu wote, akiwa ameshakamilika. Siku za mvua hakuvuka uwanja mpaka aletewe mwavuli. Taa iliyokuwa juu kabisa ya meza ya mapokezi aliomba iondolewe, eti inamuumiza kichwa. Kila kimoja peke yake si kitu. Vikiwekwa pamoja, Afande alisema moyoni, huyu anaficha jambo, na jambo lenyewe linanihusu.

Na siku zilivyosonga, Waridi alizidi kuwa mzito wa maneno. Siku moja Afande alifungua kidaftari akamsomea hatua zote kumi na moja kwa kichwa kilichoinuliwa, kama mtoto anayelisomea darasa, na Waridi badala ya kumsifu akageuka akatazama mifagio. Kuanzia hapo mara nyingi alifungua mdomo kana kwamba ana neno, kisha akaomba apewe sponji. Afande aliandika na hilo.

Kila somo lilipokwisha, Afande alinawa uso kwa sabuni kabla ya kurudi kazini. Mlinzi mwenye mdomo mwekundu nani atamwogopa? Kwa hiyo hakuna aliyemwona amejipamba mpaka Alhamisi ya wiki ya tatu, siku aliyotakiwa kupigwa picha ya kitambulisho kipya. Alijipamba mwenyewe, hatua zote kumi na moja, wala wanja haukuteleza. Waridi alisimama nyuma yake mle stoo, akionekana kwenye kioo kidogo cha mkononi.

"Umeiva, dada," alisema.

Fundi wa kompyuta alipiga picha, akaitazama, akapiga tena. Alipiga na ya tatu. "Labda ni kamera," alisema kwa huruma. Haikuwa kamera. Pale pichani uso wa Afande ulikuwa mweupe wa majivu, utadhani ametoka kusaga unga, na chini yake shingo imebaki shingo yake ya siku zote. Picha ikapelekwa kwa Meneja. Meneja akaitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Jumatatu Mkurugenzi anakuja," alisema. "Akikukuta hivi, Afande, mimi sitakuwa na la kumwambia."

Siku hiyo Afande hakunawa. Alikwenda nyumbani na uso wake vilevile, watu wakimpisha njiani. Binti yake mkubwa alifungua mlango, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Mama! Uso wa mtu mmoja, shingo ya mwingine?"

Jua lilikuwa bado halijatua. Binti alimsimamisha mlangoni, akaitoa mkobani mwa mama yake ile chupa aliyopewa na Waridi, akampaka tone moja kwenye taya na kurudi nyuma hatua mbili. "Nani amekupa hii? Hii haikukaribii hata kwa mbali."

"Kule stoo ilikuwa inaonekana sawa."

"Kwenye taa ya manjano kila kitu kinaonekana sawa, mama. Rangi inapimwa mchana, hapa kwenye taya, nje ya mlango. Hata mimi najua, na sijafundishwa na mtu."

Afande alikaa kwenye ngazi ya mlango. Hasira ilimpanda taratibu. Stoo isiyo na dirisha. Chupa inayotolewa na zipu kufungwa. Umeiva, dada. Wiki tatu nzima amepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, yeye, aliyekamata birika chini ya sweta.

Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho ya Waridi pale mapokezi. Afande aliomba zamu ya jioni. Saa kumi na nusu, nusu saa kabla ya watu kutoka, Waridi alikuja anatembea na mkoba wake begani.

"Mkoba mezani," alisema Afande.

"Nini tena?"

"Ukaguzi. Ingia ndani ya kibanda."

Waridi alitabasamu, kisha akaona kwamba si utani. "Dada, mimi?"

"Kanuni ya tisa. Mlinzi anaweza kukagua mkoba wowote unaotoka." Ilikuwa kweli, kanuni hiyo ilikuwepo, ila kwa miaka kumi na moja Afande hakuwahi kuitumia kwa mfanyakazi. Kwa kawaida hutolewa kitu kimoja kimoja. Yeye alifunga mlango wa kibanda, akaushika mkoba kwa chini, akaupindua.

Brashi zilibingirika. Pamba, poda, kichupa cha mafuta ya kufutia vipodozi. Tyubu tatu zisizo na jina wala maandishi, zenye harufu kali iliyomchoma puani. Barua ya kliniki ya ngozi, imekunjwa mara nne. Na kiboksi kipya, karatasi ya nailoni bado imekizunguka. Afande alichana nailoni kwa kucha. Ndani kulikuwa na chupa ya faundesheni, ya kahawia iliyokoza. Aliisogeza kwenye mkono wake, kwenye mwanga wa dirisha la kibanda. Ilikuwa rangi yake hasa.

Hapo akachanganyikiwa. Alikuwa amejiandaa kukuta kitu kibaya, na hakujua kama hiki ni kibaya au kizuri.

"Soma na barua," Waridi alisema. "Umeshafungua vyote, usibakize."

Afande alisoma. Mgonjwa aache mara moja krimu zote za kujichubua. Ngozi ya uso imekuwa nyembamba mno na ina vidonda. Asipake vipodozi vya aina yoyote kwa mwaka mzima, au zaidi.

"Nilianza na hizo tyubu nikiwa na miaka ishirini na miwili," alisema Waridi. "Sasa nina thelathini na sita. Uso bila rangi siwezi kukaa nao pale mbele. Ndiyo maana nimeomba masjala."

"Na chupa uliyonipa mimi?"

Waridi alichukua barua, akaikunja tena mara nne. Afande alimsubiri. Kusubiri ilikuwa kazi yake.

"Nilikupa makusudi," Waridi alisema mwishowe. "Ilikuwa yangu, nilijua haikufai. Na jina lako kwa Meneja nililipeleka makusudi. Nilitaka mtu atakayeshindwa. Nilijua wakimkataa wataweka wa muda, na wa muda naye watamchoka, na mwaka ukiisha watanikumbuka mimi."

Kwanza Afande alisikia furaha. Hakuwa amekosea, hata mstari mmoja wa kidaftari chake haukukosea. Furaha hiyo haikudumu hata dakika.

"Mimi nina watoto wawili," alisema.

"Najua."

"Ningekwenda nyumbani mikono mitupu."

"Najua, dada. Ndiyo maana nikanunua hiyo." Waridi alionyesha kiboksi kwa kidevu. "Siku ile uliponisomea daftari lako. Nilitoka hapa nikaenda dukani moja kwa moja. Nina siku tisa natembea nayo. Kila asubuhi nasema leo nampa. Halafu nawaza utaniuliza ile ya kwanza ilikuwa ya nini."

"Na jana ukaniambia nimeiva."

Waridi aliokota brashi iliyoangukia sakafuni, akaiweka mezani.

"Sasa nikuamini vipi?" Afande aliuliza, na sauti yake ilikuwa imepanda bila yeye kujua. "Hata hii hapa, nitajuaje umeweka nini ndani?"

Waridi alitazama vitu vyake vilivyotapakaa mezani. "Unachokitafuta hakimo mkobani," alisema. Akachukua pamba, akaimwagia mafuta, akaanza kufuta uso.

Somo hilo hakuwahi kumfundisha. Alianza na mdomo, kisha macho, akibonyeza pamba na kusubiri, bila haraka. Nyusi zilitoka zote mbili, na chini yake hapakuwa na nyusi. Alifuta mashavu kwa kuyapigapiga tu, akiuma meno, na pamba ya tano na ya sita zikatoka na damu kidogo. Uso uliobaki ulikuwa na mabaka, mwekundu huku, mweusi wa michubuko kule, ngozi imelegea chini ya macho na mishipa inaonekana. Ulikuwa uso wa mtu mzima sana na mwenye uchovu. Afande alitaka kugeuka, akajizuia, kwa sababu alijua yeye ndiye aliyeutaka. Aliona aibu, na hasira yake ilikuwa bado ipo palepale, vyote viwili kwa pamoja, wala hakujua ashike kipi.

Kengele ya kutoka ililia. Watu wakaanza kumiminika ngazini. Waridi alishtuka, akaishika poda, lakini muda wa kupaka hatua kumi na moja haukuwepo. Mtu aligonga dirisha la kibanda. Alikuwa mhasibu kijana wa ghorofa ya tatu, ambaye kwa miaka minne hakutoka kazini bila kuegemea meza ya mapokezi na kumtania Waridi. Aliingiza kichwa dirishani, akamwona mwanamke aliyesimama mle ndani, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Waridi aliitika.

Hata sauti kijana hakuitambua. Alimgeukia Afande. "Afande, Waridi ameshatoka? Nimekwenda pale mbele sijamkuta, na leo ndiyo siku yake ya mwisho."

Afande alimtazama Waridi. Waridi alikuwa anatazama sakafu, mkono umeishika poda.

"Ameshatoka," Afande alisema.

"Aa! Bila hata kuaga?" Kijana alisikitika kidogo, kisha uso ukachangamka. "Haya bwana. Basi kuanzia Jumatatu Waridi wetu ni wewe!" Akagonga fremu ya dirisha mara mbili, akaenda zake.

Waridi alirudisha vitu mkobani kimoja kimoja. Zile tyubu tatu alizishika kwa muda, kisha nazo akazitia. Kiboksi alikiacha mezani, upande wa Afande.

"Mwaka ukiisha," alisema, "nikipona. Utanipisha?"

Afande alitaka kusema ndiyo. Lilikuwa neno jepesi, na mtu mwenye uso ule mbele yako unamwambia neno jepesi, unamsindikiza. Lakini aliwaza mabinti zake wawili. Aliwaza goti. Aliwaza kukaa, kukaa tu, siku nzima, kwenye kiti kinachozunguka.

"Sijui," alisema.

Waridi aliitikia kwa kichwa. "Hilo nakuamini," alisema. Akaweka mkoba begani, akafungua mlango, akatoka kwenye jua la jioni bila kufunika uso. Uwanja ulikuwa umejaa watu aliowakaribisha kila asubuhi kwa miaka tisa. Alipita katikati yao mpaka barabarani, na hakuna aliyegeuka.